Mawe Saba ya Kustaafia

Kolwezi, 4 Machi 2024

Kwa Tshibola, mwana wa dada yangu, ambaye namwita Mama kwa kuwa amebeba jina la mama yangu.

Nakusalimu kwa heshima ya jina hilo. Hapa tu wazima, kwa kadiri watu wa Kolwezi wanavyoweza kusema hivyo katika miezi ya mvua: kuta zina unyevu, umeme unakuja kwa zamu, na mama yako Jocelyne anakohoa asubuhi lakini anakanusha. Ndugu yako Stany amepata mtoto wa kike wa kilo tatu na gramu mia mbili. Nilimpima mimi mwenyewe, kwa sababu mizani waliyoitumia ilikuwa haijasawazishwa. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi.

Habari kwamba umemaliza shahada yako ya fizikia, na kwa alama za juu, ilinifikia kwa simu. Nilifurahi. Neno hilo naliandika mara moja, kwa maana halihitaji kuongezewa jingine. Lakini simu naitumia kwa salamu na misiba tu. Jambo la kufikiriwa naliandika, kwa sababu mwenye kuandika hulazimika kuyasoma maneno yake kabla mwenzake hajayasoma.

Jambo lenyewe ni hili. Unamkumbuka Ingénieur Polycarpe, mhandisi aliyejifunza kazi ya maabara chini yangu. Sasa yeye ndiye mkuu wa idara katika kampuni moja ya upande wa mgodi wa Mashamba. Anatafuta mtu wa kuchunga kuta za shimo. Wana chombo kinachotambua kama ukuta wa mgodi umesogea, hata kwa unene wa ukucha, na anayekisoma anaweza kuwaondoa watu mia mbili chini kabla udongo haujaanguka. Ni kazi ya fizikia, ni kazi ya heshima, na inaanza tarehe 1 Juni. Tangu baba yako atutoke, mambo yako yako mikononi mwangu, mimi manseba wako, kaka wa mama yako. Kwa hiyo nimempa Polycarpe neno langu kwamba utakuja.

Barua hii anaileta Dodo katika lori lake. Mpe jibu atakaporudi.

Manseba wako,
Kabasele


Lubumbashi, 29 Machi 2024

Manseba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama, na kwa mtoto wa Stany ambaye uzito wake tayari unajulikana kwa usahihi kuliko jina lake. Mimi ni mzima. Barua yako ilichukua siku kumi na tisa kufika, kwani Dodo alikaa kwenye foleni ya malori huko Likasi, kisha akakumbuka kwamba ana mazishi ya kuhudhuria, kisha akakumbuka barua. Anakusalimu na anaomba usimwulize.

Umenikumbusha Ingénieur Polycarpe. Namkumbuka vizuri, pamoja na viatu vyake vyeupe katika mji wa vumbi jekundu.

Labda ungependa kujua wenzangu wameelekea wapi, maana watu hudhani aliyesoma fizikia ana milango miwili tu, ubao wa darasa na geti la mgodi. Tulikuwa tisa. Dimitri anapanda minara ya simu na kupima mawimbi. Anasema kutoka juu Lubumbashi inaonekana kama mji uliopangwa. Tatiana yuko hospitali, anahakikisha mashine za picha za mifupa hazimpi mgonjwa mionzi zaidi ya inayohitajika. Kalumba, aliyekuwa wa kwanza darasani, yuko benki, anakokotoa uwezekano wa wateja kushindwa kulipa, na ameniapia kwamba hesabu ni ile ile ya molekuli za gesi. Watatu wanafundisha sekondari. Mmoja wao, Shekina, aliambiwa na baba yake kwamba amepoteza miaka mitano. Mwezi uliopita wanafunzi wake walijenga kipima mvua cha chupa, na sasa baba yake ndiye anayekisoma kila asubuhi na kuwagombeza majirani wasiamini redio. Mwingine anawafuata mafundi wa baruti mgodini na kupima mtikisiko, ili nyumba za karibu zisipasuke. Wa nane anaendelea na masomo.

Wa tisa ni mimi. Tangu Januari niko katika mafunzo ya kazi kwenye ofisi ndogo inayopima mionzi. Unajua kuliko mimi kwamba mawe yetu ya shaba na kobalti mara nyingine yana chembe za uranium. Shehena hupimwa kabla ya kuvuka mpaka, na mahospitali pia hutuita. Nashika chombo, naandika namba. Nafurahi, Manseba.

Rangi ya chumba cha nyuma ni ipi?

Mwanao,
Tshibola


Kolwezi, 15 Aprili 2024

Kwa Mama Tshibola,

Amani iwe kwako. Mvua zinapungua. Mama yako sasa anakubali kwamba anakohoa, lakini anasema ni jirani aliyemwambukiza. Mtoto wa Stany ameitwa Ndaya.

Barua yako ina kurasa tatu. Ndani yake nimehesabu watu wanane ambao sikuuliza habari zao, na sikupata jibu la jambo moja nililoliandika. Katika maabara yangu, kijana aliyeleta matokeo ya sampuli ambayo hakupewa, akaacha ile aliyopewa, alirudishwa mezani bila kukemewa. Nakurudisha mezani.

Sidharau kazi yoyote uliyoitaja. Nasema tu kwamba kuna tofauti kati ya kazi na mafunzo ya kazi. Mafunzo yana tarehe ya kwisha, na ofisi ndogo ni ndogo kwa sababu fulani. Baba yangu aliletwa huku kutoka Kasai kwa treni akiwa na sanduku moja la bati, na geti la mgodi ndilo lililotulisha sote, na wewe ukiwemo. Mtu haachi kisima kwa kuwa amesikia kwamba kuna mto.

Jana baada ya misa Polycarpe alipita nyumbani. Nilimwuliza kama nafasi ingalipo.

"Nafasi iko, tata," akasema, kwani huniita baba tangu maabara. "Muntu njo sijue."

"Mtu yupo. Nimekwisha kukuambia."

"Ndiyo, tata. Ulisema." Akakitazama kikombe chake kwa muda mrefu kuliko chai inavyostahili.

Nimeelewa kwamba wakubwa wake wanamsukuma ampe mtu wao. Kwa hiyo usichelewe. Rangi ni nyeupe. Nimetia pia dirisha jipya, linalofunguka.

Manseba wako,
Kabasele


Lubumbashi, 11 Mei 2024

Manseba wangu,

Samahani kwa ufupi huu. Dodo ananiita barabarani kwa honi. Ofisi inanituma Kolwezi kupima ghala moja upande wa Mutoshi. Jumapili tarehe 26 nitakuwa huru kuanzia saa sita mchana. Nitakuja kula kwako, na yaliyobaki tutayasema kwa mdomo. Mwambie mama nimenunua dawa ya kikohozi cha jirani.

Mwanao,
Tshibola


Lubumbashi, 28 Mei 2024

Manseba,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa. Nimefika salama. Sijalala vizuri.

Nataka kuyaweka mambo ya Jumapili kwa mpangilio, kwa sababu wewe ulinifundisha kwamba kosa lililoandikwa vizuri ni nusu ya kosa.

Nilitoka Mutoshi moja kwa moja nikiwa na kipima mionzi begani, na nilikuwa sijakizima. Hilo ni la kwanza. Sikujua kwamba umemwalika Ingénieur Polycarpe. Naona sasa kwamba ulitaka tumalize jambo letu mbele yake. Niliingia, nikasalimu, nikaweka mfuko juu ya kabati la vioo, na chombo kikaanza kulia kama jiko la mafuta linalokosa hewa. Hapo ningekizima, basi. Lakini nilikitoa. Nikalifuata lile jiwe lako la kijani, ulilopewa siku ya kustaafu, lenye kibao cha shaba kilichoandikwa "Malakiti", jina la jiwe la shaba, nikaligusisha chombo, na namba ikawa mara mia mbili ya ile ya ukumbini. Ndipo nikasema kwa sauti, mbele ya watu sita: "Manseba, hili si malakiti. Hili ni jiwe la uranium. Ni hatari! Umekaa nalo miaka minane?"

Mama, aliyekuwa akipakua ugali, akasema, "Funga hiyo kamashini, bukari inapoa!"

Na Ingénieur akaweka kijiko chini. "Ile jiwe," akasema, "niliichagua mi mwenyewe."

Sikujua, Manseba. Nakuapia sikujua kwamba ni yeye. Wewe ukasema, "Tule," na hakuna aliyekula isipokuwa Stany.

Naomba radhi kwa namna nilivyosema. Kwa nilichosema siwezi kuomba radhi, kwa sababu namba haikuwa yangu. Tafadhali litoe jiwe hilo ndani ya nyumba. Usilikwangue, usilipasue. Mtoto wa Stany asilazwe karibu nalo.

Kuna jambo jingine nililokuja kukuambia siku hiyo, na baada ya yale sikupata ulimi.

Tshibola


Kolwezi, 29 Mei 2024

Kwa Tshibola,

Tu wazima.

Makosa yako ni matatu. La kwanza ni la mahali: mgeni akiwa mezani, nyumba haifanyiwi uchunguzi. La pili ni la mtu: ulimvua nguo aliyenipa zawadi, mbele ya mama yako na mbele ya chakula. La tatu ndilo linalonihuzunisha zaidi, kwa kuwa ni la elimu yako. Ulipima kwa kugusisha, ukasema "hatari". Mimi siketi juu ya jiwe. Naketi mita mbili kutoka hapo. Ulipima umbali gani mwingine? Hakuna. Neno "hatari" bila umbali na bila muda si kipimo. Ni kelele.

Nafasi ya Mashamba inaanza Jumamosi.

Kabasele


Kolwezi, 30 Juni 2024

Kwa Mama Tshibola,

Nakusalimu, na naanza kwa kukiri kwamba barua yako ya tarehe 28 na yangu ya tarehe 29 zilipishana njiani. Nilipoisoma yako, iliyoletwa na lori jingine, yangu ilikuwa tayari imeondoka na Dodo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuchelewa. Ningalisoma kwanza, nisingaliandika hivyo. Jiwe nililitoa siku hiyo hiyo. Mama yako amepona. Anadai ni kwa maombi, ingawa chupa ya dawa imekwisha. Ndaya ana kilo tano.

Tarehe moja Juni ilipita na hukuja. Nilikaa juma zima bila kuandika. Kisha nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza kijana yeyote wa maabara: nimekasirika kwa sababu amekosea, au kwa sababu amepatia? Sikuwa na jibu, na palipo na ukosefu wa jibu pana kazi ya kupima. Nikaliviringisha jiwe kwa kitambaa, nikalitia ndani ya sufuria ya zamani yenye mfuniko, nikapanda pikipiki ya kukodi mpaka getini kwa Polycarpe, sufuria imefungwa nyuma.

Hukuniambia kwamba geti la malori lina chombo cha aina ile ile, kikubwa kama mlango wa kanisa. Nilipopita, king'ora kikalia. Walinzi wanne wakaja mbio, mwenye pikipiki akakimbia akaacha pikipiki.

"Tata, umebeba nini mu ile sufuria?"

"Zawadi," nikasema.

"Zawadi ya nani?"

"Ya mkuu wenu."

Walicheka, lakini wakiwa mbali.

Polycarpe alikuja mwenyewe. Nilimweleza kwamba nina haja mbili. Ya kwanza ilikuwa kupima jiwe kwa mpangilio. Tulilipima kwa kugusisha, kwa nusu mita, kwa mita moja, kwa mita mbili, mara tatu kila umbali, na kabla ya hapo tulipima ua wenyewe bila jiwe. Jedwali limo ndani ya bahasha hii. Utaona kwamba namba yako ya Jumapili ile inatofautiana na yangu kwa sehemu sita katika mia. Kwa mtu aliyekuwa akigombezwa kuhusu bukari, ni kipimo kizuri. Utaona pia kwamba katika mita mbili hapana tofauti na ua mtupu, kama nilivyosema. Nilikuwa sahihi kuhusu kiti changu. Wewe ulikuwa sahihi kuhusu jiwe. Miaka thelathini na minne nimepima shaba ya watu kwa asidi na moto, na jiwe lililokuwa kabatini mwangu sikulipima hata siku moja, kwa kuwa zawadi haikwanguliwi.

Haja ya pili ilikuwa kulirudisha neno langu. Nilimwambia Polycarpe: nilikuahidi mtu, na mtu hakuja, aibu ni yangu, si yake. Alivuta droo, akatoa karatasi, akaiweka mbele yangu. Niliutambua mwandiko kabla ya kuisoma. Ilikuwa barua yako kwake ya tarehe 2 Aprili. Ulikuwa umemshukuru kwa nafasi, na umeikataa, kwa maneno mazuri kuliko mengi uliyoniandikia mimi.

"Umeiweka tangu Aprili?" nikamwuliza. "Na nafasi?"

"Nafasi ilipata muntu mu mwezi wa tano, tata."

"Na mimi nimekuwa nikikuambia kila Jumapili kwamba anakuja!"

"Ndiyo, tata. Na mi nilikuwa ninakunywa chai." Akafuta uso. "Sikutaka ujue kwa mudomo yangu. Nilisema, mukubwa atakuya mwenyewe, siku yake."

Halafu, Mama, tulicheka, wazee wawili na sufuria moja. Ni yeye aliyeacha kucheka kwanza.

"Tata," akasema, "ile jiwe ilitoka mu sanduku moja. Haikuwa peke yake."

"Yalikuwa mangapi?"

"Saba. Nilipatia bote benye kuenda retraite ile mwaka."

Kwa hiyo katika mji huu kuna kabati sita nyingine za wastaafu wa mwaka wangu. Polycarpe hawezi kulala. Sasa, kabla ya kukuuliza la kufanya kuhusu hayo, nakuuliza lile ambalo nilipaswa kukuuliza tarehe 4 Machi, badala ya kukuambia. Unataka kufanya kazi gani?

Manseba wako,
Kabasele


Lubumbashi, 15 Julai 2024

Manseba wangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa mama na maombi yake, kwa Ndaya na kilo zake. Jedwali lako nimelibandika ukutani ofisini. Mkuu wangu aliuliza limeandikwa na mtaalamu gani.

Nilimwandikia Ingénieur kwanza, na wewe sikukuandikia, kwa sababu nilimwogopa yule ambaye angehuzunika. Kwake nilikuwa nakataa nafasi. Kwako ningekuwa nalivunja neno, na neno la manseba halivunjwi na mpwa. Hulegezwa na mwenyewe. Nilitumaini kwamba ukisoma habari za wenzangu wanane utaona njia mwenyewe na kunionyesha. Haikuwa haki. Nilikuwekea mtihani bila kukupa swali.

Jibu langu ni kwamba nataka kazi hii ninayoifanya. Mafunzo yamekwisha Juni. Ofisi imenipa mkataba wa miaka mitatu, na mwaka wa kwanza una miezi minne ya masomo ya kinga dhidi ya mionzi, ambayo wataigharimia wao. Nusu ya kazi ni mahospitali, nusu ni maghala ya madini. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa Mashamba. Usiulize kwa kiasi gani, utakokotoa na hutalala. Kila mwezi nitakuwa Kolwezi kwa juma moja. Ofisi inalipia hoteli, lakini nimewaambia kwamba sihitaji hoteli, nina mahali penye dirisha linalofunguka.

Mkataba unatakiwa kusainiwa kabla ya tarehe 31 Agosti. Uko mezani hapa. Kalamu ipo. Sitausaini bila neno lako, Manseba, na safari hii naliomba wazi: nipe, au ninyime, lakini usinyamaze.

Kuhusu mawe. Nimemwomba mkuu wangu ushauri. Kuna idara ya serikali inayoyapokea na kuyahifadhi. Barua ya kuwajulisha tumekwisha kuituma. Mpaka waje, kila jiwe lenye mionzi litiwe ndani ya mfuko, kisha ndani ya chombo chenye mfuniko, liwekwe nje ya nyumba mahali pasipofikika na watoto. Anayeligusa anawe mikono. Mwambie Ingénieur kwamba hakuna aliyeugua kwa sababu ya kupita mbele ya kabati. Shida ni kulikwangua, kuvuta vumbi lake, au kukaa nalo karibu mno kwa miaka. Na kosa lake linaeleweka: mawe hayo yana shaba ndani yake, ndiyo maana ni ya kijani, na macho pekee hayatoshi. Ningeweza kulifanya mimi.

Ni vizuri aende mtu wanayemheshimu. Mimi wataniona kama yule msichana wa Jumapili.

Mwanao,
Tshibola


Kolwezi, 18 Agosti 2024

Kwa Mama Tshibola,

Nakusalimu. Kiangazi kimekauka, vumbi limeingia mpaka ndani ya sukari. Mama yako anauliza kama unakula. Ndaya ana jino.

Polycarpe aliniazima kipima mionzi kwa Jumamosi nne, pamoja na orodha ya wastaafu sita. Sikwenda na yeye. Alitaka, nikamwambia kwamba mwenye kutoa zawadi hapaswi kuonekana akija kuichukua. Nyumba mbili za kwanza mawe yalikuwa malakiti kweli, safi kabisa. Niliwaambia wenyewe, nikanywa chai, nikaondoka; mmoja alikasirika kwamba lake halikuwa la ajabu. Mbili zilizofuata yalikuwa kama langu. Walinipa. Jiwe la tano lilikwisha kuuzwa kwa msafiri mwaka 2019, na hakuna anayekumbuka jina wala sura yake. Nimeliandika hivyo: halijulikani lilipo. Sipendi kuiacha safu hiyo wazi, lakini kuijaza kwa kubahatisha kungekuwa vibaya zaidi. Ofisi yako ilijue.

La sita lilikuwa kwa Mama Kapinga, mjane wa Godefroid, aliyekuwa msimamizi wa zamu katika maabara yangu. Godefroid alifariki kwa kisukari miaka mitatu iliyopita. Nilimkuta Mama Kapinga uani akichambua matembele. Nilisubiri wajukuu watoke ndipo nikaeleza. Alinisikiliza, akaendelea kuchambua.

"Tata Kabasele," akasema, "unakuya kuninyang'anya bwana wangu mara ya pili?"

Nikamwambia kwamba sitachukua kitu bila ruhusa yake, naomba tu kupima. Aliniongoza chumbani. Jiwe halikuwa kabatini. Lilikuwa kwenye kijimeza cha kitandani, mbele ya picha ya Godefroid, kwenye urefu wa kichwa cha mtu aliyelala. Tangu mumewe azikwe, Mama Kapinga analala hapo kila siku. Nilipima jiwe, kisha nikapima mto wake. Mto haukuwa kama chumba, Mama. Si namba ya kutisha, lakini si kama chumba, na miaka mitatu ni saa nyingi. Nikazima chombo ili kisilie, nikaketi, nikamsomea namba zote mbili taratibu, na umbali wake, na maana yake, na kile nisichokijua.

"Nani alikufundisha hii kazi?" akaniuliza. "Wewe ulikuwa mutu ya asidi."

"Mwana wa dada yangu."

"Anafanya nini, yeye?"

Nilifungua mdomo kusema "ingénieur". Nimelisema neno hilo mtaani tangu Machi, kwa kila aliyeuliza, na mji mzima unakuita hivyo. Nikaona kwamba kwa mwanamke huyu, mbele ya picha ile, halitoshi.

"Anapima kitu kisichoonekana," nikasema, "kisha anakuja kumwambia mwenye nyumba."

Mama Kapinga akairudisha picha katikati ya kijimeza.

"Hiyo njo kazi," akasema. "Na juu ya nini hamukutuma yeye zamani?"

Akaliviringisha jiwe mwenyewe, kwa leso ya Godefroid, akanipa kwa mikono miwili.

Weka saini. Usingoje tarehe 31.

Manseba wako,
Kabasele